Vizibo vya masikio kwa anayechomwa na kelele: ninavyovitumia kibandani Ngamiani

Kibanda changu cha kushona kipo Ngamiani, Tanga. Kulia kuna mashine ya kusaga, kushoto kijana anauza simu na spika zake kazigeuzia barabarani, mbele wamejipanga bodaboda. Ndani nina cherehani mbili na ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za nguo. Wenzangu wanazisikia kelele hizo wakazisahau. Mimi zinanichoma. Mkasi ukianguka sakafuni nahisi hadi kwenye meno, na ikifika alasiri nimeshamgombeza mwanafunzi wangu kwa kosa lisilokuwepo.

Nilipimwa masikio, nikaambiwa nasikia vizuri, ila sauti ambayo mwingine anaiona ya kawaida kwangu imezidi. Wengine hali hii inawajia pamoja na kipandauso, wengine na usonji, wengine wana mlio usiokoma masikioni. Mwaka wa nne sasa natumia vizibo vya kuosha na kurudia. Mambo mengine niliyajua kwa kukosea, ndiyo maana naandika.

Kwanza kabisa: kama sikio linatoa usaha, linauma, au kiwambo chake kimetoboka, usitie kitu, nenda ukaonwe. Na kama usikivu umepotea ghafla sikio moja, usingoje hata kesho.

Hatua ya 1: Iandike kelele yako

Kabla ya kununua chochote, nilitumia kurasa za nyuma za daftari la vipimo vya wateja. Wiki nzima niliandika sauti gani, saa ngapi, na mwili ulifanyaje. Nilidhani adui yangu ni mashine ya kusaga. Kumbe ile inanguruma kwa mfululizo na naizoea. Zinazonimaliza ni zile kali za ghafla: ovaloki, honi, sufuria kwa mama lishe, watoto wakipiga kelele pamoja. Bila daftari lile ningenunua kizibo cha kuzima kila kitu, nikawa siwasikii wateja bure.

Hatua ya 2: Chagua aina

Vya sponji ni rahisi na vinapunguza sauti sana, lakini vinakatisha zaidi sauti nyembamba, hivyo maneno ya watu yanakuwa mazito kama yanatoka chini ya godoro. Havifai kuoshwa kila siku. Nimeviacha kwa ajili ya kulala.

Vya silikoni vyenye miavuli midogo iliyopandana vinaoshwa na vinadumu miezi mingi. Kisha vipo vya silikoni vyenye chujio ndani, ambavyo vinashusha sauti zote kwa kiasi kinachokaribiana. Mazungumzo unayapata, ila kwa chini. Hivi ndivyo navaa kibandani.

Kwenye pakiti tafuta herufi SNR au NRR na namba yake ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti), inayoonyesha kizibo kinapunguza kelele kiasi gani. SNR ni kipimo cha Ulaya, NRR cha Marekani. Namba hiyo imepatikana maabara, kwa mtu aliyevishwa vizuri, kwa hiyo usiitegemee yote. Kwa NRR kuna hesabu ya haraka inayotumika sana: toa 7, ugawe kwa 2. Kizibo cha NRR 25 basi kihesabie kama desibeli 9. Usidharau 9, maana desibeli 10 zikipungua, sikio linaona kama sauti imebaki nusu.

Namba kubwa sio lazima iwe bora. Mimi ya katikati inanitosha mchana.

Hatua ya 3: Kuvaa, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa

Mtu anakisukumiza mlangoni mwa sikio kama anayeziba chupa, kisha anasema hakifanyi kazi. Tundu la sikio halijanyooka, lina kona. Ni lazima ulinyooshe kwanza.

Nawa mikono. Ukivaa sikio la kulia, pitisha mkono wa kushoto nyuma ya kichwa, shika ncha ya juu ya sikio, ulivute juu na nyuma kidogo. Kwa mkono wa kulia ingiza kizibo huku ukikizungusha taratibu, hadi uhisi kimekaa. Achia sikio. Kama ni cha sponji, kisokote kwanza kiwe chembamba kama utambi, kiingize upesi, kisha kizuie kwa kidole sekunde 20 hadi 30 kikijaa.

Jaribio langu: washa redio, funika masikio kwa viganja, kisha viondoe. Kama sauti imebadilika sana, kizibo hakijakaa. Kama tofauti ni ndogo, uko sawa. Masikio mawili ya mtu mmoja huweza kutofautiana. Langu la kushoto linataka saizi ndogo, na nilihangaika miezi miwili kabla ya kulijua hilo. Pakiti nyingi zina saizi tatu, zijaribu zote.

Kutoa usivute kwa pupa. Zungusha kidogo ili hewa iingie, ndipo uvute polepole. Ukinyofoa ghafla unakivuta kiwambo cha sikio, na utajua.

Kinadada wenzangu wa mitandio: vaeni vizibo kwanza, mtandio baadaye. Nimeokota changu mara nyingi tu kwenye mikunjo ya shingoni.

Hatua ya 4: Zoea nyumbani

Siku za mwanzo sauti yako mwenyewe itavuma kama unaongea ndani ya mtungi, na kutafuna bisi kutakuwa ujenzi wa nyumba. Ni kawaida, sauti yako inayopita kwenye mifupa ya kichwa imekosa pa kutokea. Anza dakika 15, kesho ongeza. Na jihadhari usinong'one: ukiwa umeziba utadhani unaongea kwa nguvu, kumbe mteja anakodoa macho.

Hatua ya 5: Wapi na lini

Navaa ovaloki ikiwaka, Mgandini siku ya soko kujaa, na kwenye basi kuanzia Kange hadi Dar es Salaam, video ya muziki ikiwa imefunguliwa tangu kabla ya Segera. Harusini navaa bila aibu. Kwa kipimo kinachopendekezwa na wataalamu wa afya kazini Marekani, desibeli 85 ni za saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Ukifika 100, na spika za harusi hazikosi kufika huko, una dakika 15. Hiyo ni kwa masikio ya mtu yeyote, sio yangu peke yake.

Kuvuka barabara navitoa vyote viwili. Nilijaribu kutoa kimoja; bodaboda ikasikika kulia kumbe inatoka kushoto. Sikio moja halijui upande.

Halafu kuna jambo ambalo pakitini hawakuliandika. Bibi wa nyumba ya pili aliniita mara mbili nikapita kama mti. Jioni habari imeshafika kwa mama: "Mwanao siku hizi haamkii wakubwa." Nilikwenda kumwomba radhi, nikamwonyesha vizibo kiganjani, akacheka, akasema alidhani ni dawa. Tangu hapo, nikivaa, macho yangu hayakai chini. Nikimwona mkubwa tu, shikamoo inatangulia. Wateja nawaambia mapema: nimeziba masikio kidogo, niguse begani.

Hatua ya 6: Usivae kutwa

Hili nililikosea vibaya. Mwaka wa kwanza nilivaa tangu asubuhi hadi kulala, hata pakiwa kimya. Baada ya wiki kadhaa nikawa siwezi kuvumilia hata kijiko kikigonga kikombe. Ubongo ukinyimwa sauti hujiongezea usikivu, kama mtu aliyekaa gizani akafunguliwa dirisha. Sasa navaa kwa tukio, navua likiisha. Nyumbani sivai, feni na redio ya chini vinatosha. Ukiona unavihitaji hata chumba kikiwa kimya, tafuta daktari wa masikio.

Hatua ya 7: Kuosha na kutunza

Joto la Tanga na jasho havina huruma. Vya silikoni naosha kila jioni kwa maji vuguvugu na sabuni isiyo kali, nasuuza, naanika kivulini juu ya kitambaa safi. Chujio, kama linatoka, litoe kwanza lisilowane. Usitumie spiriti. Vikikakamaa au kupasuka, tupa. Nta ya sikio usiichokoe kwa pamba ya kijiti, unaisukuma ndani. Ikizidi, ikatolewe hospitali. Na vizibo viweke mbali na watoto wadogo, wanameza.

Navihifadhi kwenye kikopo cha vifungo chenye mfuniko, tangu siku mwanafunzi wangu alipofagia kimoja pamoja na vipande vya vitambaa. Juzi, ovaloki ikiwa imewaka, yeye mwenyewe akaniomba aazime vizibo vyangu. Nilimkatalia, vizibo haviazimwi. Nikamnunulia vyake. Vyake vya bluu, vyangu vyeupe.