Shika Shati Kuukuu: Namna ya Kumtumaini Mungu wa Milele

Mimi ni fundi wa nguo katika soko la Gikomba, Nairobi. Napunguza, naongeza, nageuza kola za mitumba, na nimejua kwamba hata nguo ya kamera, ile inayochaguliwa kwanza mtumba ukifunguliwa, ina siku zake. Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi kumtumaini Mungu wa milele, nitakuambia uanze na shati kuukuu.

Liinue dirishani. Tazama kola inapokunjika, pale panapogusa shingo. Nyuzi zimebaki kama wavu na mwanga unapenya, ingawa mgongo wa shati bado ni mzima. Hakuna aliyelichana, limechakaa kwa kuvaliwa tu. Sasa, ukiwa bado umelishika, soma kwa sauti Zaburi ya 102, mstari wa 25 hadi wa 27. Mbingu na nchi "zitachakaa zote kama nguo". Kisha: "Lakini Wewe U Yeye yule, na miaka yako haitakoma." Usiliharakishe hilo neno "Wewe". Mtunga zaburi hasimulii habari za Mungu, anaongea naye.

Halafu rudi mwanzo wa zaburi hiyohiyo, maana hapa wengi wetu huparuka. Mtu huyu analia. Siku zake zinatoweka kama moshi, amesahau kula, anakesha kama shomoro aliye peke yake juu ya nyumba. Juni 2018, moto ulipopita Gikomba usiku na kuua watu 15, kibanda changu nacho kiliisha. Nilikuta cherehani imebaki chuma kitupu, gurudumu limepinda. Wiki tatu sikuweza kuomba ila mstari ule wa moshi, na naamini hata hiyo ilikuwa imani. Basi usiifupishe sehemu hii. Mtajie Mungu kilichoisha, kimoja kimoja. Mimi nilimtajia cherehani, vitambaa vya wateja wanne, na daftari la madeni.

Ukishalia, inua macho. Asubuhi isiyo na ukungu, ukipanda juu ya ghorofa hapa Nairobi, utaiona milima ya Ngong. Zaburi ya 90 inasema Mungu ni Mungu kabla milima haijazaliwa. Ngong ina siku yake ya kuzaliwa, Yeye hana. Umilele wake si uzee mrefu kama wa mkuyu. Siku tunayoiogopa sisi, ile ya kodi au ya majibu ya daktari, haimkuti kama mgeni.

Ukisikia mtu akifundisha kwamba ukimtumaini Mungu wa milele biashara yako nayo haitaanguka, usimfuate. Zaburi haikuahidi hivyo. Imesema vitu vitachakaa, na vimechakaa.

Sasa fungua Waebrania sura ya 1, mstari wa 10 hadi wa 12. Ni maneno yaleyale ya nguo, lakini hapa yanaelekezwa kwa Mwana. Siku nilipoyaona niliweka mkasi chini. Asiyechakaa alivaa mwili unaochoka, akaketi kisimani kwa uchovu wa safari, akasema msalabani kwamba ana kiu. Kwa hiyo ninapomwambia Yesu kwamba mgongo unaniuma kwa kuinamia cherehani, simwambii jambo asilolijua. Kaa hapo muda mrefu kuliko pengine pote. Mimi ndipo ninaporudi kila mara.

Baada ya hapo ni mazoezi ya kila siku, na ni mafupi. Jioni, nikifunika cherehani, nataja kilichochakaa siku hiyo, kisha namalizia na mstari. "Leo macho yangu yameshindwa kutunga uzi. Wewe U Yeye yule." Jana ilikuwa kodi.

Maneno yakikukauka, kuna mama mmoja, mteja wangu, aliyeleta koti la marehemu mumewe nilipunguze limtoshe mwanawe. Alishika mkono wa koti kwa muda, akanena polepole, wala si kwangu: "Baba yake hayupo. Wewe upo." Kisha akamwita kijana asogee, nipime bega.