Kupaka rangi mayai ya Pasaka na watoto: jinsi ya kuifanya rangi ishike

Rangi ikiteleza juu ya yai, ikajikusanya matone, au ikabanduka baada ya kukauka, usiulaumu mkono wa mtoto. Kosa liko kwenye ganda: lina mafuta, au bado lina maji. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii ni ya mtu mzima, na huimaliza kabla watoto hawajaitwa mezani.

Kabla ya kugusa yai lolote, amueni jambo moja: litaliwa, au litakuwa pambo? Yai la kuliwa huchemshwa na kutiwa rangi za chakula tu. Yai la pambo hutobolewa, likatolewa ute na kiini, na baada ya hapo lipake rangi yoyote uipendayo. Anayechanganya njia hizi mbili huishia kupoteza yote. Yai la kuchemsha lililopakwa rangi ya akriliki na gundi halifai kuliwa, na ukiliacha kabatini kama pambo litaoza.

Mayai ya kuliwa

Yatoe kwenye friji nusu saa kabla ya kuyachemsha, maana yai la baridi likikutana na moto ghafla hupasuka. Yapange safu moja kwenye sufuria, mimina maji baridi yapite juu yake kwa sentimita 2 au 3, na yakianza kuchemka punguza moto yatokote polepole kwa dakika 10 hadi 12. Maji yakichemka kwa nguvu mayai hugongana, na kwenye kila ufa rangi itapenya mpaka kwenye ute.

Yapoze kwenye maji baridi, yakaushe, kisha futa kila moja kwa kitambaa kilicholoweshwa siki. Hapo mafuta ya vidole yametoka. Ukilishika tena kwa mkono uliotoka kupakwa losheni, alama za vidole zitajitokeza kwenye rangi.

Kwa kila rangi tayarisha kikombe kirefu chenye mililita 120 za maji ya moto, kijiko kimoja cha chai cha siki, na matone 10 hadi 20 ya rangi ya chakula. Acha mchanganyiko upoe hadi uwe vuguvugu ndipo mtoto asogee. Yai huzamishwa kwa kijiko na kukaa dakika 5, likigeuzwa kila dakika.

Siki ndiyo inayowaponza wengi, kwa kuwa huimimina kwa kukadiria. Tindikali kidogo huifanya rangi ing'ang'anie utando mwembamba wa protini uliofunika ganda. Ikizidi, hulila ganda lenyewe, ambalo ni kalisi kaboneti: utaona mapovu mengi, na rangi itatoka kwenye vidole kama unga wa chaki. Hata kwa kipimo sahihi mapovu machache hubaki yameganda juu ya yai, na kila povu huacha doa. Kuligeuza ndiyo dawa yake.

Usilikaushie juu ya karatasi. Rangi huteremka, ikajikusanya chini na kuacha duara jeusi. Kata boksi gumu, choma pini kwa chini ili ncha zitokeze juu, na uweke yai juu ya ncha hizo. Ukikosa pini, kizibo cha chupa kinatosha.

Yai likikaa nje ya friji zaidi ya saa 2, lisiliwe. Yaliyorudishwa kwenye friji mapema yaliwe ndani ya siku 7. Lenye ufa liwe la kuchezea, na baadaye litupwe.

Rangi za jikoni

Maganda makavu ya vitunguu maji, kutoka vitunguu 8 hadi 10, yakichemshwa kwa lita 1 ya maji kwa nusu saa hutoa rangi ya chungwa inayoelekea kwenye hudhurungi. Hiyo ndiyo rangi ya kutegemea, haimwangushi mtu. Manjano ya unga, vijiko 3 vya chakula kwa lita 1, hutoa njano; yachuje kwa kitambaa, la sivyo unga utashika yai kwa madoadoa. Viazisukari vyekundu (bitiruti) huvutia macho sufuriani, lakini waridi yake hufifia haraka, kwa hiyo usimwahidi mtoto.

Kabichi ya zambarau ndiyo yenye mchezo. Chemsha nusu kabichi iliyokatwakatwa kwa lita 1 ya maji kwa nusu saa, chuja, kisha ongeza vijiko 2 vya chakula vya siki. Maji hugeuka kuelekea wekundu, lakini mayai meupe yakilala humo usiku kucha ndani ya friji hutoka ya buluu. Rangi ya kabichi hubadilika kulingana na tindikali: nyekundu penye tindikali, buluu inapopungua, na ganda la yai huipunguza pale pale yanapogusana. Watoto wa miaka 7 na kuendelea hulifurahia jambo hili kuliko kupaka kwenyewe. Mayai ya kahawia hayatatoa buluu safi, yatafifia kuelekea kijani.

Michoro ya nta

Mpe mtoto krayoni nyeupe achore juu ya yai lililopoa kabisa, kisha zamisha. Nta hukataa maji, kwa hiyo mchoro hubaki mweupe. Yai likiwa bado moto, krayoni huyeyuka na mstari hutanuka. Mtoto akikandamiza kidogo mno nta haitoshi na mchoro hautaonekana. Mwambie apitishe mara mbili.

Kwa rangi mbili au tatu, anza na nyepesi: zamisha kwenye njano, kausha, chora tena, zamisha kwenye nyekundu. Ukianza na nyeusi au buluu nzito hakuna pa kurudi. Waukraine wameikuza mbinu hii hadi ikawa sanaa yenye jina lake, pysanky, wakichora kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Kwa mtoto, krayoni inatosha. Nta ya moto haimfai.

Mayai ya pambo

Kutoboa ni kazi ya mtu mzima. Osha yai bichi kwa sabuni, bandika kipande kidogo cha utepe wa gundi kila upande ili ganda lisichanike, kisha toboa kwa sindano nene: tundu la milimita 1 au 2 juu, na la milimita 3 au 4 chini. Ingiza sindano ndefu kwenye tundu la chini na uvuruge kiini. Ukiruka hatua hii utasukuma hewa mpaka uchoke. Sukuma hewa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kupuliza kwa mdomo kunawezekana, ila yai bichi linaweza kubeba salmonela, vijidudu vinavyougonjesha tumbo. Suuza ndani kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni, tikisa, suuza tena, na usimamishe kwenye trei tundu kubwa likiwa chini hadi kesho yake. Ganda lisilokauka ndani hunuka baada ya siku chache.

Rangi ya maji peke yake hubanduka juu ya ganda. Changanya sehemu 3 za rangi nzito ya maji na sehemu 1 ya gundi nyeupe, au tumia akriliki ukiwa umewavika watoto nguo kuukuu, maana akriliki ikishakauka kwenye nguo haitoki. Mchanganyiko uwe kama uji mzito. Lipitishie yai kijiti cha mshikaki ili mtoto alizungushe bila kulibana, na apake upande mmoja, ukauke, ndipo ageukie wa pili. Kwa vidoa, kijiti cha pamba cha masikio kinashinda brashi. Usijaribu kulizamisha ganda tupu kwenye rangi, litaelea.

Kulitundika: funga uzi katikati ya nusu ya kijiti cha kiberiti, kiingize wima kwenye tundu, kisha vuta. Ndani kitalala kingamo na kushika.

Wadogo chini ya miaka 4

Hawa wape karatasi wapige chapa za kiazi, mayai watayaponda. Kata kiazi mviringo kwa urefu, kitakuwa na umbo la yai, na uchonge mistari miwili mitatu yenye kina cha nusu sentimita. Kifute kwa karatasi na ukiache uso chini kwenye kitambaa kikavu kwa nusu saa. Majimaji ya kiazi ndiyo yanayoharibu chapa. Paka rangi juu ya kiazi kwa sifongo badala ya kukichovya, kwa kuwa kikichovywa huteleza na kuacha doa tupu. Uma uliochovywa njano na kugongwa kuzunguka duara hutoa manyoya ya kifaranga. Ongeza macho na mdomo rangi ikishakauka.

Weka mezani rangi mbili tu kwa wakati mmoja, zile zinazopatana: njano na nyekundu, au njano na buluu. Zote tatu zikikutana kwenye mikono ya mtoto wa miaka 3, baada ya dakika 5 kila kitu ni tope la kahawia, na hapo huwa wanaacha. Brashi zisimamishwe kwenye maji kwa muda mfupi tu, kisha zilazwe; zikisimama humo usiku kucha manyoya hupinda na hayanyooki tena.