Somo: Uso Unaowaka Si Lazima Uwe Chunusi – Kuitambua na Kuituliza Rosasia

Wengi hugundua kuwa wana rosasia, ugonjwa wa ngozi ya uso unaodumu muda mrefu, baada ya kuhangaika na dawa za chunusi kwa miezi, huku uso ukizidi kuwaka. Kwa hiyo tusikimbilie dawa.

Hatua ya 1: Hakikisha ni yenyewe

Rosasia hukaa katikati ya uso: mashavu, pua, kidevu, paji. Mara nyingi huanza baada ya umri wa miaka 30. Uso hupata joto ghafla kisha hupoa, mpaka inafika siku haupoi kabisa. Huweza kutoka vipele, hata vyenye usaha, lakini vile vichwa vyeusi vya chunusi huvioni. Hiyo ndiyo tofauti kubwa.

Mwenye ngozi nyeusi asingoje wekundu. Kwake rangi hufichika, au huonekana kama kahawia iliyokoza au zambarau, na ndiyo maana wengi hucheleweshwa. Sikiliza uso wako: unachoma? Krimu uliyoizoea sasa inawasha? Macho je, yana hisia ya mchanga?

Hatua ya 2: Chunguza unachopaka

Hapa nitakaa kidogo. Krimu zenye steroidi (dawa za kutuliza uvimbe na mwasho), zikiwemo nyingi za kung'arisha ngozi, hutuliza uso siku za mwanzo, ukadhani umepona. Ukiendelea nazo, zenyewe huleta vipele vinavyofanana na rosasia au huichochea iliyopo. Ukiacha ghafla, uso hulipuka, nawe unairudia ileile krimu. Mtego mbaya huo! Kama umeitumia muda mrefu, mwombe daktari akupangie namna ya kuiacha.

Acha pia visugulio, spiriti na manukato usoni.

Hatua ya 3: Andika vichochezi

Jua, joto, vinywaji vya moto, pilipili, pombe, hasira, mazoezi makali: havimsumbui kila mtu sawa. Andika kwa wiki kadhaa uso ulipowaka na kilichotangulia. Usijinyime vyote kwa pamoja, utateseka bure.

Hatua ya 4: Kila siku

Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini isiyo na harufu, paka kilainishi, kisha kinga ya jua ya SPF (kipimo cha nguvu yake) 30 au zaidi. Zenye zinki oksaidi huwasha kidogo kuliko nyingine.

Hatua ya 5: Dawa

Daktari wa ngozi huweza kuandika krimu ya metronidazoli, asidi ya azelaiki au ivamektini. Vipele vikiwa vingi huongezwa vidonge vya doksisaiklini, ambavyo mjamzito hapewi. Zipe wiki 8 hadi 12. Mishipa midogo iliyojitokeza haiondolewi na krimu hizo. Hiyo ni kazi ya leza, yaani mwale maalumu wa mwanga.

MASWALI

*Mwalimu, naweza kumwambukiza mwanangu?*
Hapana, haiambukizi. Ila huweza kuonekana kwa zaidi ya mtu mmoja katika familia.

*Nikipona naacha dawa?*
Rosasia hutulizwa, haing'olewi. Ikishatulia, daktari huweza kupunguza dawa. Kinga ya jua usiiache.

*Mjomba wangu pua imevimba ina mabonde, watu wanamwita mlevi, na pombe hajawahi kuonja.*
Wanamwonea. Pombe huweza kuchochea uso kuwaka, lakini rosasia humpata hata asiyekunywa. Kunenepa huko kwa pua huwapata zaidi wanaume, na huweza kuchongwa kwa leza au upasuaji. Mpeleke akapimwe, maana si kila uvimbe wa pua ni rosasia.

*Mimi uso hauna shida sana, ila kope zinavimba na macho ni mekundu kila asubuhi.*
Huenda ni rosasia ya macho, ambayo huweza hata kutangulia ile ya ngozi. Kanda kope kwa kitambaa cha uvuguvugu, kisha zisafishe taratibu. Lakini ukiona ukungu, ukipata maumivu, au mwanga ukikuumiza, nenda kwa daktari wa macho leo hii. Kioo cha jicho, ule utando angavu wa mbele, kikipata kovu, uoni huweza kupungua na usirudi tena.