Mkondo mmoja wa mabadiliko kwa hifadhidata zote
Ukitunza seva ya MongoDB (programu ya hifadhidata) yenye hifadhidata kadhaa, kama hapa Malindi ambako nyumba ya wageni huweka malazi, mashua na hesabu mbalimbali, fungua mkondo mmoja wa mabadiliko (change stream, yaani mfululizo wa taarifa za kila badiliko la data) katika ngazi ya seva nzima, jambo linalowezekana tangu toleo la 4.0, na uhifadhi kila hariri pamoja na tokeni yake (alama ya mahali pake katika mkondo) ili programu ikikatika iendelee pale ilipoachia. Mkondo husoma oplogi (daftari la ndani la MongoDB linaloandika mabadiliko), kwa hiyo haufunguki seva isipoendeshwa kama kundi la nakala (replica set, seva zinazoshika nakala za data ileile), japo la mwanachama mmoja. Kumbukumbu za hariri hizo ziandikwe kwenye seva nyingine au zichujwe zisiingie kwenye mkondo, la sivyo mkondo utanasa maandishi yake wenyewe bila kikomo. Jina la mhariri, kwa bahati mbaya, halimo katika taarifa za mkondo. Liwekwe ndani ya hati (rekodi) yenyewe inayohaririwa.