Kupaka ukutani picha ya giza kwa namna ya Goya

Kati ya 1819 na 1823 hivi, mchoraji wa Hispania Francisco de Goya alipaka picha 14 za mafuta moja kwa moja kwenye lipu ya nyumba yake nje ya Madrid. Kuanzia 1874 zilihamishiwa kwenye turubai, zikaharibika sana. Leo ziko makumbusho ya Prado.

Kwa ukuta wa mjini Moshi, Tanzania, usianze wakati wa masika. Lipu mpya ya saruji iache angalau siku 28, maana ikiwa mbichi huyala mafuta na rangi hubanduka. Bandika kipande cha nailoni usiku kucha. Ukikuta umande ndani, subiri. Piga msasa, kisha praima (rangi ya msingi) ya kuzuia alkali, mikono miwili, yaani tabaka mbili.

Giza hutangulia. Changanya umba (rangi ya kahawia iliyokoza) sehemu 3 na nyeusi 1, zimua kwa tapentaini, madirisha wazi. Nyeusi tupu hukauka polepole. Ikikaa chini, tabaka la juu hupasuka. Tabaka la giza likikauka, toa nyuso kwa oka (rangi ya udongo wa manjano), ukiongeza mafuta ya kitani kila tabaka. Nyeupe iwe kidogo kabisa, ya mwisho: katika mojawapo ya picha hizo za Goya, macho ya mungu Saturn akimla mwanawe yanatisha kwa sababu giza limeyazunguka kila upande.