Mkutano wa ukoo Desemba: anzeni na makaburi, ng'ombe baadaye

Chakula kikipungua siku ya mkutano, kijana hutumwa kwa pikipiki soko la Luanda au Ahero, huku magharibi mwa Kenya, na mambo yakaendelea. Jina la babu lililochongwa vibaya kwenye jiwe halina dawa siku hiyo. Ndiyo maana kazi ya makaburi hutangulia, na ianze wiki tatu kabla.

Kwanza mzee wa boma aulizwe, kabla fundi hajamwaga hata karai moja. Maboma mengi ya Waluo na Waluhya hufuata ukubwa, na yapo ambayo kaburi la baba halitiwi saruji huku la babu likiwa bado udongo mtupu. Mwenye pesa asiharakishe. Saruji mbichi humwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku saba hivi. Ikiachwa juani hupasuka, na rangi ikipakwa mapema hubanduka. Majina na miaka yatoke kwenye kitambulisho au cheti cha kifo. Mwaka wa kuzaliwa usipojulikana, nafasi iachwe wazi.

Kisha makaburi yasiyo na alama, hasa ya watoto wachanga na ya wake wa zamani. Haya ndiyo hukanyagwa na magari ya wageni au kupigiliwa vigingi vya hema. Nyanya mkubwa azungushwe bomani akiwa na mtu wa kuchomeka vijiti, kabla ya kufyeka, maana majani yakishafyekwa hata yeye hupoteza alama zake.

Orodha ya ukoo iandikwe kwenye karatasi za manila, kila nyumba na safu yake, kuanzia mke wa kwanza. Wekeni pia ukoo wa mama wa kila mtu. Vijana waliolelewa Nakuru na Nairobi hawajui nani ni ndugu yao, na huku watu wa ukoo mmoja hawaoani, wala mtu haoi kwa wajomba zake.

Malazi yahesabiwe kwa mila pia. Mkwe hulala nyumba tofauti na mama mkwe, na kijana mkubwa halali kwa wazazi: kwa Waluo ana simba yake, yaani kibanda cha kijana ambaye hajaoa. Asiye nayo atafutiwe kwa jirani mapema.

Kwa watu 100, bunda moja la unga (pakiti 12 za kilo mbili) na kilo 25 za nyama hutosha mlo mmoja. Mchango ufungwe siku kumi kabla, ng'ombe anunuliwe siku ya soko bila pupa. Wa Nakuru wakate tiketi mapema. Karibu na Krismasi nauli hupanda.

Limebaki la kumwaga busaa, pombe ya kienyeji, kaburini. Wapo wanaoliita heshima, na wapo walokole watakaosusia. Wazee walimalize usiku wa kuamkia mkutano, kipaza sauti kikiwa kimezimwa.