Pima shamba kwanza, mbolea baadaye

Kabla ya mvua za msimu uliopita nilipita kwa mzee mmoja wa Uyui, nikakuta mifuko miwili ya mbolea ya DAP imeegemezwa ukutani. Nikamuuliza shamba lina eka ngapi. "Mbili, mwanangu. Nimelikanyaga mwenyewe, sabini kwa sabini."

Hizo sabini ndizo zinazotuponza. Hatua 70 kwa 70 hutimiza eka moja, yaani mita za mraba 4,047, iwapo hatua yako ina sentimita 91. Hatua ya mzee tuliipima: sentimita 75. "Eka" yake moja ilikuwa mita za mraba 2,756, karibu theluthi mbili tu ya eka halisi.

Tukachukua kamba isiyovutika, tukaifunga fundo kila mita moja. Shamba lilikuwa mstatili wa mita 80 kwa 60, kisha upande wa mbugani likachongoka pembetatu. Mashamba yetu mengi yako hivyo, kwa hiyo usihangaike kutafuta kanuni ya umbo zima. Chomeka vigingi, ligawe vipande unavyovijua, pima kimoja kimoja, ujumlishe.

Mstatili ulitoa 4,800. Kwenye pembetatu wengi hukosea kwa kupima ule mpaka ulioinama. Kinachotakiwa ni kimo: kutoka ncha, kamba ishuke wima hadi kwenye kitako. Kama huna uhakika wa pembe mraba, funga kamba yenye pande za mita 3, 4 na 5. Pembe inayotazamana na ile 5 ndiyo mraba. Kitako kilikuwa mita 60, kimo 24. Zidisha, gawa kwa 2: 720. Jumla 5,520.

Kulikuwa na vichuguu viwili visivyolimwa. Huwezi kuvuka kichuguu na kamba, basi kizungushe chini. Kila kimoja kilikuwa na mzingo wa mita 25. Mzingo mara mzingo, gawa kwa 12.57, unapata karibu 50. Toa 100, zinabaki 5,420, sawa na eka 1.34.

Kwa kiwango cha mfuko wa kilo 50 kwa eka, alihitaji kilo 67. Kilo 33 zilikuwa za kugawana na jirani. Lililonigusa zaidi ni mavuno: magunia 20 aliyoyaona haba, gunia 10 kwa eka, kumbe yalikuwa karibu 15 kwa eka halisi. Alikuwa karibu kuiacha mbegu nzuri kwa sababu ya hatua fupi.

Kamba hiyohiyo itumie kwenye kihenge cha matofali kabla ya kununua saruji ya lipu. Cha mviringo chenye kipenyo cha mita 1.5 na kimo cha mita 2: ukuta wa ndani ni 3.14 × 1.5 × 2, yaani 9.42, sakafu ni 3.14 × 0.75 × 0.75, karibu 1.77. Mpe fundi mita za mraba 11.2, na kama atapiga lipu nje pia, zungusha kamba upya huko nje, maana unene wa tofali huongeza kipenyo.